Ya Milimita Ngapi

Ukiulizia nondo pale Boma Ng'ombe
muuzaji hainui hata kichwa:
"Ya milimita ngapi?"

Mimi namtafuta wa kumi na nane,
toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa,
rangi ya bua kavu,
asiye na mdomo.

Ndiyo, hana mdomo. Alikula zamani, akiwa kiwavi,
misimu miwili ndani ya shina la nyasi,
akilitafuna toka ndani
kama mrithi anayeuza nyumba tofali kwa tofali
na bado analala humo.
Akishaota mabawa hali tena.
Ana siku tano, za vuli,
mvua ya kwanza ikishalowesha mbuga ya Sanya.

Jike hasafiri. Hupanda bua moja,
huipa Kibo mgongo,
hutoa harufu nisiyoweza kuinusa,
hungoja.
Dume huja akipepesuka chinichini,
ila siku hizi taa za kituo cha mafuta
zinaita kwa nguvu zaidi.
Asubuhi wanafagiwa pamoja na vizibo vya soda.

Mwaka juzi Kisali alituletea majani Kibosho,
pikapu nzima, ya ng'ombe wa mama.
Usiku, zizini, juu ya mzigo,
nikamkuta jike, katoka gandani sasa hivi,
mabawa bado yamekunjamana.
Huku juu, kwenye migomba na ukungu,
akaanza kuita.

Mama akasogeza kurunzi. "Anamwita nani?"
"Hakuna. Wenzake wako bondeni."
Hakucheka. Alilikata lile bua kwa mundu, taratibu,
akalisimamisha ndani ya ndoo ya maziwa,
akafunika kwa kanga.
Alfajiri Kisali alipewa elfu mbili,
nauli ya mdudu.
Sijui kama alifika siku zikiwa zimebaki.

Jana nilishuka mwenyewe.
Vigingi, kamba, mistari ya chokaa.
Kumebaki ukanda wa nyasi, upana wa mkeka.
Nikapasua bua: tupu.
La pili: tupu.
La tatu lilikuwa na kitundu,
na unga laini mlangoni, bado na unyevu.
Hilo sikulipasua.

Fundi aliyekuwa akinyoosha vyuma juani
akaniona nimechutama.
"Dada, umepoteza nini?"
"Nondo."
"Zipo tele," akasema. "Chukua."