Hasi Moja

Mwalimu Shekuwe alinitilia mkasi mwekundu
swali la saba:
wai ni sawa na eksi mbili, jumlisha tatu;
tafuta mlinganyo wa mstari unaoukata huu kwa pembe mraba
ukipitia nukta nne, moja.
Nami nilichora mstari wima kama mnara wa msikiti,
nikidhani kunyooka ni kutazama mbingu.

Alasiri nikampelekea mjomba Famau chai, Langoni,
alikokuwa akiunga chumba kwenye nyumba ya marehemu bibi.
Ukuta wa zamani umekwenda upande,
haujali kibla wala usita wa mui.
"Huo wako utaufuata upi?"
Alikuwa na kamba yenye mafundo,
tatu huku, nne huku, tano ya kufunga mdomo,
na chokaa kwenye kope.
"Nitaufuata huu huu uliokwenda upande.
Pembe haiulizi dunia imekaaje, Mwanatumu.
Yamuuliza jirani."

Nikakaa juu ya mfuko wa simiti,
nikafungua daftari. Chai yake nikainywa mimi.
Mbili: hatua moja mbele, mbili juu.
Mwenzake basi ageuke,
hatua mbili mbele, moja chini.
Sehemu imesimama kichwa chini miguu juu,
na chanya imevaa hasi.
Nikazidisha mteremko kwa mteremko: hasi moja.
Sikuamini, nikazidisha tena,
punda akapita na matumbawe akanisukuma kiwiko,
hasi moja.

Ikabaki nukta. Nne nikaitia mahali pake:
nusu yake mbili, nayo hasi;
ili nifike moja, nahitaji tatu.
Tatu!
Ile ile ya mstari wa kwanza.
Kumbe hawa wawili, mmoja akipanda, mmoja akishuka,
wamekutana pale eksi ilipo sufuri,
mara moja,
wala hawatakutana tena.

Nikamwonyesha mjomba. Akapangusa mikono kikoini,
akazitazama namba kama atazamaye picha ya mgeni,
kisha akalaza guniya yake juu ya mchoro wangu.
Ikakaa.
"Ala! Na nyinyi mwajenga," akasema,
akarudi kwenye kamba yake.

Ukurasani palibaki vidole vitatu vya chokaa.
Nilimpelekea mwalimu vivyo hivyo,
sikupangusa.