Daftari la Bombo

Miaka ishirini na sita nimegawa fedha zisizo zangu.
Ndivyo nilivyoandika kwenye fomu ya pensheni,
pale panapouliza: Kazi?

Nilianzia Amman, na Kiarabu cha chuoni Bombo,
Kiarabu cha kuomba dua, si cha kuomba radhi,
na Kinubi cha bibi yangu, ambacho wenyeji
walikisikia wakacheka, kisha wakanimiminia chai.
Wiki ya kwanza nikabisha kwa mjane, Ummu Ghasani,
katoni ya mchele begani, nembo yetu ubavuni,
pana kuliko dirisha lake.
Hakufungua. Alisema kwa ndani:
Binti, umekosea nyumba.
Majirani walikuwa nje, wanahesabu.

Lile lilikuwa somo. Mengine yote, semina.

Jioni nikaenda kwa muuza duka wa mtaa wake,
nikalipa deni lake lote, nikatoka.
Bosi wangu alitaka picha.
Mficha uchi hazai, nikamtafsiria, akafurahi,
akadhani namuunga mkono.
Nikaongeza: lakini nani aliyesema azalie barazani?

Nouakchott nilikunywa bilauri tatu kabla ya kutaja kisima;
ya tatu ndiyo iliyonionyesha pa kuchimba.
Kuwait nilimweleza tajiri mmoja, kwa adabu zote,
kwamba kibao cha marumaru chenye jina lake
kinakula bei ya mabomba manne.
Alinyamaza mpaka kahawa ikapoa.
Akauliza: Matano hayapatikani?
Namkumbuka huyo kuliko waliolia.

Na neno nililolitafuta katika ripoti zote zile,
nikilizungukia kwa Kiingereza kurasa arobaini,
mama alikuwa akilitamka kila akifunga kitenge:
stara.

Sasa nimerudi. Malori ya Gulu yanatikisa vikombe.
Juzi, siku tatu kabla ya Ramadhani,
nikaingia dukani kwa Toha Fadimula, nikanong'ona:
Nitajie wanaodaiwa. Usinitajie majina.
Nilijiona mjuzi, nimeleta kitu kutoka mbali.

Toha akacheka kwa pua. Akainama chini ya kaunta,
akatoa daftari la marehemu baba yake,
linanuka mafuta ya taa, kurasa zimeshikana.
Akabandua moja kwa kisu cha mkate.
Nyumba ya Zamzam: sukari nusu, chumvi,
sabuni mche mmoja, madaftari sita.
Zamzam ni mama yangu. Madaftari ni yangu.
Mstari mmoja umepita juu ya yote, wa wino mwekundu.
Imelipwa.

Na nani?
Baba hakusema.

Nikawahesabu waliokuwa na uwezo Bombo mwaka ule,
tumetoka uhamishoni, mabati yameibwa, mihogo haijakomaa.
Sikumpata hata mmoja.

Nililipa. Nikamkataza Toha kuandika risiti.
Miaka ishirini na sita, na hizi ndizo fedha pekee
nisizoweza kuzitolea hesabu.

Kisha nikanunua sabuni, mche mmoja, kwa sauti.