Ua wa Miiba

Kanisani, Bwana Aubrey Fenwarde kalala chali,
marumaru tupu, pua imelambwa na karne sita,
mbwa wa jiwe angali miguuni.

Babu wa babu yangu, Jethro Gudgin,
yumo kwenye daftari la korti: faini, shilingi mbili.
Aliruka ua wa miiba
kumfuata bata bukini wake
kwenye malisho yaliyokuwa ya wote
hadi Jumanne ile.

Kisha wakaja akina Stannard na pesa za sukari.
Sukari ya jasho la nani?
Dirisha walilolitolea kanisa halisemi.

Leo kasri ni hoteli.
Jina la Fenwarde limebaki kwenye kibao cha baa.
Mimi, Gudgin, kila Alhamisi nafyeka nyasi makaburini mwao.

Mwezi wa Mei ua ule hutoa maua meupe.
Huchoma vilevile.