Guzik Aenda Mrama

Saa kumi na moja alfajiri, Novemba, mjini Łódź,
kitu kilianguka jikoni kama gunia la viazi.
Nilijua kabla sijavaa miwani.
Nyumba hii inaujua mshindo ule.

Guzik alilala ubavu chini ya meza,
kucha zikikwaruza sakafu, shingo imepinda
kama bawaba iliyolegea,
na bakuli la maji limembatiza.
Nikapiga magoti, magoti haya ya miaka sabini na moja
yanayolalama kuliko mbwa,
nikatazama saa ya ukutani, nikaanza:
moja, mbili, tatu.

Kuhesabu najua.
Zenon wangu aliendesha tramu
hadi kifafa kilipomvua sare na kofia.
Miaka kumi na tisa nilimhesabia sekunde,
juu ya zulia, kwenye foleni ya mkate,
mara moja kanisani, katikati ya Baba Yetu.
Usimkandamize. Usimtie kijiko mdomoni.
Sogeza viti, mlaze ubavu, hesabu.
Tisini, na mwili humrudia mwenyewe
umelowa, umechoka, unauliza leo ni siku gani.

Tisini ikafika. Ikapita.
Mia. Mia mbili.
Guzik hakukakamaa, hakutoa povu.
Alinitazama. Hapana, alijaribu kunitazama:
macho yaliteleza kando, yakarudi, yakateleza,
kama ya abiria anayefuata nguzo dirishani
na tramu haina kituo.
Kila alipoinuka, sakafu ilimkwepa.
Kwenye mia nne nikaacha.
Nikalia kidogo. Nikatafuta taulo.

Ngazi sitini na mbili, lifti mbovu tangu Pasaka.
Taulo chini ya tumbo, kilo kumi na nane za mbwa,
na ghorofa ya pili Wacław,
ambaye hatusemezani tangu ugomvi wa baiskeli,
akafungua mlango na nguo zake za kulalia,
akashika ncha ya pili ya taulo.
Hatukusemezana. Tulishuka.

Ndani ya gari lake nilikwisha kumzika Guzik:
nilichagua blanketi, nilichagua mti,
nilitunga hata maneno ya kumpigia Danuta simu.

Daktari, binti mwenye kipini puani na mikono ya joto,
aliwasha tochi, akachungulia macho, akachungulia masikio,
akakunja wayo mmoja aone kama mwenyewe ataurudisha.
“Si kifafa. Na kiharusi, sidhani.
Ndani kabisa ya sikio mna mizani.
Ya wazee wakati mwingine hupinduka tu, hatujui kwa nini.
Kwake yeye ni nyumba inayozunguka.
Siku tatu za tabu, mama. Kisha wiki kadhaa za subira.”
Akampa sindano ya kuzuia kutapika, basi.

Sikio la kufa halisikii dawa.
Hili lilikuwa la kupona,
na lilipona kwa ukaidi wake, bila kusikia chochote.

Nikamlisha kuku kwa vidole.
Nikalala naye sakafuni,
maana sakafuni hakuna tena pa kuangukia.
Na huko chini, gizani, pua yake shingoni mwangu,
likanijia jambo ambalo halikuwahi kunijia:
miaka yote ile nilihesabu vizuri,
na sikuwahi kumuuliza Zenon
alipokuwa kule alikuwa anaona nini.

Leo siku ya kumi na mbili. Kichwa bado kimeinama kushoto
kama cha mtu anayesikiliza majirani ukutani.
Mbele ya jengo, theluji chafu, nguzo ya taa.
Wacław kasimama kando, anajifanya anatafuta funguo.
Guzik akanusa. Akafikiri.
Akainua mguu wa nyuma.

Moja, mbili, tatu, nne,
akayumba,
tano,
hakuanguka.