Kinu

Mama yangu, Bi Shinuna, mkaazi wa Barka,
neno kinu analijua tangu utoto wake Mfenesini:
gogo la mfenesi, mchi, mpunga,
na vishindo vya alfajiri vya kuamshia jirani.
Kwa hiyo redio ikisema
nchi ile ya ng'ambo ina kinu,
na wakubwa wamekuja Maskati kwa ajili ya kinu,
huuliza: "Kwani wanatwanga nini
hata dunia nzima ikose usingizi?"

Urani, mama.
"Na huko kurutubisha?"
Kuitia nguvu.
"Mimi hurutubisha mihogo. Kwa samadi."

Kaka yangu Ghalib hucheka, kisha hupandisha sauti:
kila taifa lina haki ya kuwasha taa yake,
mafuta yana mwisho,
na hao wanaokataza wenyewe wameyalalia mabomu
kama kuku wa mayai.
Mkuki kwa nguruwe, asema, na hamalizii.
Kwetu methali haimaliziwi.

Mimi hunyamaza. Kazi yangu maji.
Kila baada ya saa nne, chupa sita
kutoka bomba la bahari, kabla ya kutolewa chumvi.
Napima tope, napima mafuta ya meli,
na tangu mwaka juzi fomu ina safu mpya,
mionzi,
ambamo naandika neno lile lile:
kawaida. Kawaida. Kawaida.
Kisima chetu ni bahari, na bahari haina ukuta.
Matangi yakijaa yana maji ya siku
ambazo nimezihesabu kwa vidole.
Sijamwambia mtu kama vidole vilibaki.

Wiki ile ile ya mazungumzo
mama alilazwa Maskati kwa ajili ya rovu.
Daktari akaleta kidonge ndani ya kikebe cha risasi,
akakitoa kwa koleo, mkono kaunyoosha
kama anayemlisha nyoka.
"Madini joto," akasema, "yenye mionzi. Yametoka kinuni."
Mama akanitazama kupitia kioo.
Akapiga bismillahi, akameza.

Siku tatu, mlango umefungwa.
Nesi wa Kerala akanipa sheria:
sinia liishie kizingitini,
mita mbili, dakika chache, mtoto asisogee.
Nikaweka uji, nikarudi nyuma.
Mama akaja, akachukua, akarudi kitandani.
Na huko hotelini, habari zilisema,
wajumbe nao wamo vyumba viwili,
hawataki kuonana,
na mtu wetu mmoja, kanzu nyeupe, kilemba,
anabeba karatasi toka mlango hadi mlango.
Niliionea huruma miguu yake.

Usiku mama akanipigia simu.
"Wamekubaliana?"
Bado.
"Wanaogopana?"
Sana.
"Waogopane tu. Mimi leo najiogopa mwenyewe,
hata choo navuta maji mara mbili.
Na mwambie Ghalib haki yake aiweke,
aniletee maji. Nimeambiwa ninywe mengi."

Akapeleka katoni mbili, maji ya Barka.
Nilitafuta tarehe kwenye chupa:
zamu yangu.

Siku ya nne wakamwelekezea kipimo shingoni.
Mshale ukacheza, ukacheza, ukatua.
Mkono wangu ulikuwa ushaanza kuandika hewani
lile neno langu la safu ya mwisho.
Wajumbe walishapanda ndege.
Watakutana tena, wakasema, mji mwingine,
tarehe itatangazwa.

Nyumbani, Wadha wa Ghalib, miaka mitano,
alisimama nyuma ya mstari wa chaki
niliouchora barazani,
vidole vya miguu vimegusa chaki bila kuvuka.
"Bibi, una nini shingoni?"
"Kinu."
"Kinatwanga nini?"

Mama alijishika shingo, akafikiri.
"Hata mimi," akasema, "unga wake sijauona."