Soli ya Kushoto

Baba alikuwa na breki tatu:
ya mkono, iliyolia kama mbuzi aliyefungwa,
ya mguu, iliyofikiri kwanza ndipo ikashika,
na soli ya kiatu cha kushoto.
Mama alimnunulia viatu kila Krismasi;
ifikapo Pasaka cha kulia bado kinang'aa,
cha kushoto kimekwisha kama sabuni.

Honda ya sabini na mbili, tangi jekundu
lililopauka likawa rangi ya udongo wa Uru.
Juu yake alizungukia kahawa ya watu miaka ishirini na sita,
akapanda na mvua, akashuka na mvua,
hakuanguka hata mara moja,
au alianguka akasema ameteleza.
Kwetu hayo ni mambo mawili.

Nimeipeleka kwa Kalisti, Kiborloni,
nyuma ya mashine ya kusaga.
Akaipiga kiki mara mbili, ikaitika.
Akasikiliza, kichwa kikiwa upande.
"Injini haina neno," akasema.
"Hii inajua kwenda. Haijafundishwa kusimama."

Basi tukaanza kuifundisha.
Foku za mbele tulizitoa kwenye pikipiki changa
iliyokutana na lori Njiapanda.
Mwenyewe alipona. Aliniuzia kwa mkono wake,
akahesabu pesa bila kuniangalia.
Diski ina mikwaruzo miwili, pedi ni mpya.
Ekseli ikacheza ndani ya tundu,
tukaenda Pasua kwa Aikaeli anayekereza vyuma,
akatutolea bushi mbili za shaba
zikiwa bado na moto wake, kama maandazi.

Shokapu za nyuma zilikufa siku nyingi:
ukizikandamiza zinashuka,
hazioni sababu ya kurudi.
Mpya zimezizidi kimo kwa vidole viwili,
na stendi ikawa fupi ghafla,
pikipiki ikaegama kama mlevi anayesikiliza hotuba.
Kalisti akaunga kipande cha jembe chini ya stendi.
Hakuniuliza. Hakunitoza.

Dramu ya zamani ilipofunguka
vumbi jeusi likatumwagikia miguuni,
na pale breki shuu inapokutana na kamu
tukakuta kipande cha ngozi, kimekunjwa mara mbili,
kimekaushwa na joto kikawa kigumu kama ukucha.
Kalisti alitaka kukitupa.
Nikaona matundu ya sindano, na uzi wa kahawia,
nikakijua.
Kumbe alikuwa akiilisha breki viatu
na viatu akivilisha barabara,
na sisi watano wote tulikuwa shule.

Jioni ile tukatoa hewa kwenye hosi,
mimi naminya, yeye analegeza nati:
"Shika. Achia. Shika, nimesema shika!"
Mapovu yakapungua, yakaisha,
na wenzo ukakaza mkononi mwangu
kama mtu anayekusalimia huku anakukumbuka.

Jumamosi nikashuka nayo kutoka Shimbwe.
Kona ya kwanza, ya pili, migomba ikinipisha,
mawe yakipita chini kama habari za jirani,
yanafika miguuni, hayafiki mgongoni.
Kona ya tatu akatokea mama
na mzigo wa majani ya ng'ombe, mpana kuliko njia.
Nikaminya, vidole viwili tu.
Pua ikainama, ikatulia, ikainuka.
Zilibaki hatua tatu. Mama akapita zake,
hata hakuugeuza mzigo anione.

Ndipo nikautazama mguu wangu wa kushoto.
Ulikuwa chini, umejikaza,
kisigino kimechimba mfereji mfupi vumbini.
Sikuutuma.