Baridi ya Kiasi

Mimi muuza barafu wa Mwaloni, Kirumba.
Baridi naijua hadi jina la ukoo:
ile inayomlaza sangara jicho wazi mpaka kiwandani,
ile inayotafuna vidole alfajiri,
na ile ya uongo, inayoyeyuka kabla ya bei.

Ndiyo maana mama aliporudi kliniki
na kichupa cha insulini ndani ya leso,
akisema, "Wamesema isipate joto,"
sikuuliza swali la pili.
Nilikizika kwenye kasha langu,
chini kabisa, kati ya sato wawili,
nikajiona mtoto mwema.

Asubuhi kilikuwa jiwe.
Nikakianika kidogo. Kikayeyuka.
Kwa macho yangu dawa ikawa dawa tena,
ila ndani mlielea chembechembe,
kama unga uliogomea maji.

Siku tatu mama alijichoma kitu kilichokufa.
Siku tatu alikunywa ndoo, akaenda chooni, akanywa,
ulimi umekauka kama dagaa wa Igombe.

Sista Nyanjige alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha.
Hakugomba. Afadhali angegomba.
"Mwanangu, barafu hutunza maiti.
Hii ilikuwa hai."

Tangu hapo tuna chungu.
Nyumba yetu iko Igogo, juu, mawe yameikumbatia,
na nyuma ya jiko kuna ufa
ambamo jua halijaingia tangu Mungu ayapange.
Chungu kikubwa, mchanga mbichi wa ziwani,
ndani yake chungu kidogo, kitambaa chenye unyevu juu,
na kichupa kikavu ndani ya kopo lake,
tarehe ya kufunguliwa nimeiandika
kwa kalamu ileile ya bei za barafu.

Mama naye ana sheria zake.
Kwanza ugali uonekane.
Si "unapikwa". Uonekane.
Hilo tulilijua Jumapili moja ya mvua:
ameshachoma, mkaa umegoma kushika,
nikamkuta ameegemea ndoo, jasho jembamba,
mikono inacheza yenyewe,
ananiita kwa jina la marehemu baba.
Bado alikuwa anameza. Vijiko vitatu vya sukari, maji kidogo.
Adui wa nyumba hii
nilimnywesha mama kwa mkono wangu.
Robo saa baadaye akaniuliza kwa nini nalia.

Kichupa hukibiringisha viganjani, taratibu,
kama anayebembeleza yai. Hatikisi.
Husoma mistari ya sindano kwa sauti,
nami husoma baada yake, maana miwani yake ina ufa:
kumi na nane.
Kumi na nane.
Jana tumbo upande wa kulia, leo kushoto, kesho paja.
"Hata shamba hupumzishwa," husema,
akivuta ngozi kama anayechagua kitenge.

Sindano iliyokwisha kazi huingia dumu la mafuta, plastiki ngumu,
kifuniko kimekazwa, hadi siku ya kliniki.
Watoto wa huku hucheza peku juu ya mawe.

Mama Ngolo alikuja usiku kuazima.
"Moja tu, nitaichemsha."
Mama akampa kiti, akampa uji,
akampa ahadi ya kumsindikiza kliniki kukikucha.
Sindano hakumpa.

Mwaloni bado nauza baridi kwa kilo.
Wateja hulipiga kasha teke: "Kali?"
"Kali," nasema, wala sidanganyi.
Ila jioni, nikishapanda mawe,
naosha mikono mara mbili harufu ya samaki iishe,
naingiza vidole chunguni:
si kali, si vuguvugu,
kama maji ya ziwa kabla mtu hajayagusa.

Mama huuliza toka ndani, "Kipo sawa?"
"Kipo."
"Na ugali?"